Kumuuguza mbwa jike baada ya kutolewa kizazi

Siku ya tano ndiyo iliyonitoa jasho. Siku ya kwanza mbwa wangu alikuwa hoi na nilimlinda kama yai. Siku ya tano alikuwa anaufukuza mkia wake na kumrukia kila aingiaye mlangoni. Nikamwonea huruma, nikamvua koni, ile kola pana ya plastiki inayomzuia kulamba mshono, apumue kidogo, nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa ameshakata nyuzi mbili kwa meno. Tukarudi kwa daktari, akapewa nusukaputi mara ya pili, akashonwa upya, na gharama nikailipa mimi, kama ilivyostahili.

Kwa hiyo mwongozo huu haugawi siku sawasawa. Usiku wa kwanza unatisha, lakini kwa kawaida unapita wenyewe. Siku za katikati, mbwa anapoonekana amepona, ndizo nitakazokaa nazo.

Daktari amefanya nini

Wengi tunasema mbwa "amefungwa kizazi", lakini hakuna kilichofungwa. Daktari hupasua tumbo katikati, kwa kawaida kuanzia chini kidogo ya kitovu, akatoa ovari zote mbili, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia. Kisha hushona tabaka kwa tabaka: kwanza ukuta wa tumbo, halafu nyama laini iliyo chini ya ngozi, mwisho ngozi yenyewe. Wewe unaliona tabaka la mwisho tu. Ngozi hushikana upesi, siku chache tu kingo zimegusana na pamekauka. Ukuta wa tumbo huenda taratibu zaidi. Hata baada ya wiki mbili haujarudisha nusu ya nguvu zake, na kinachozuia matumbo yasisukume nje ni uzi wa daktari. Mbwa hana habari na hayo. Yeye anajua tu kwamba leo haumwi kama jana.

Hatua ya 1: Andaa kabla hajatoka nyumbani

Chagua mahali pamoja, sakafuni, pakavu, pasipo pilikapilika. Kizimba kinachomtosha kusimama na kujigeuza ndicho bora. Kama huna, chumba kidogo kisicho na kochi wala kitanda cha kurukia kinatosha. Tandika blanketi, na juu yake shuka kuukuu unazoweza kufua, maana usiku ule anaweza kujikojolea bila kujua. Mbwa wengine, paka na watoto wadogo wapangiwe mahali pengine. Mbwa aliyelewa dawa anaweza kumng'ata hata mtu anayempenda.

Halafu jifunze rangi ya fizi zake akiwa mzima. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka pawe peupe, kisha achia. Rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta kope la chini utazame ndani yake. Nasisitiza ufanye hivi kabla, kwa sababu saa nane za usiku, tochi ya simu mkononi na roho juu, kila ufizi unaonekana mweupe.

Hatua ya 2: Usiondoke kwa daktari bila majibu

Uliza, na uandike: nyuzi za nje zinayeyuka zenyewe au zinatolewa? Dawa ya maumivu ya mwisho kapewa saa ngapi, na inayofuata ni saa ngapi? Akizidiwa usiku nimpigie nani? Arudi lini kuangaliwa? Watu huuliza bei wakasahau swali la pili, kisha humpa dozi mbili siku moja.

Mwombe daktari akuonyeshe mshono mkiwa bado pale, na uupige picha. Picha hiyo ndiyo utakayolinganisha nayo siku zote zinazofuata. Usishtuke ukikuta kipara kidogo mguu wa mbele. Hapo ndipo kanyula, kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ilipopita. Baadhi ya madaktari pia huchora mstari mfupi wa chale ya kijani karibu na mshono, ili daktari mwingine siku za usoni ajue kwamba jike huyu ameshatolewa kizazi na asimpasue bure kukitafuta.

Kumbeba: mkono mmoja mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, tumbo lisibanwe. Akiwa mkubwa, mbebeni wawili juu ya blanketi. Asiruke kupanda gari wala kushuka.

Hatua ya 3: Usiku wa kwanza

Atayumba, atatetemeka, atakodoa macho ukutani, na huenda akalia kilio kirefu cha kukata maini. Mara nyingi kilio hicho ni cha dawa inayomtoka mwilini. Maumivu yana sura nyingine: anakataa kulala chini, anakunja mgongo, anahema haraka ilhali hakuna joto, anageuka kutazama tumbo au anaruka ukilikaribia. Ukiona hayo, mpigie daktari, usisubiri asubuhi. Kikohozi chepesi kikavu kwa siku moja au mbili nacho ni cha kawaida, kwa sababu alikuwa na mpira wa kupumulia kooni.

Mpe maji kidogo kidogo, si bakuli zima. Akiyahimili na kichwa kimetulia, mpe robo au nusu ya chakula chake cha kawaida. Akitapika mara moja, ondoa chakula, jaribu tena asubuhi. Akirudia kutapika, simu kwa daktari. Mfunike, kwa kuwa mwili uliotoka kwenye nusukaputi hupoteza joto upesi, lakini usimwekee chupa ya maji ya moto ubavuni: hawezi kujisogeza ikimuunguza.

Mtoe nje kwa kamba kukojoa, hata kama una ua uliozungushiwa ukuta. Mkojo unapaswa kutoka ndani ya saa 24. Kinyesi ni jambo jingine. Alifunga kula kabla ya upasuaji na dawa nyingi hulegeza utumbo, hivyo akikaa siku mbili au tatu bila kujisaidia haja kubwa, ilhali anakula na ana raha, muache. Ikifika siku ya nne, uliza.

Kulala kwingi kwa saa 24 za kwanza ni sawa. Ila hakikisha anaamka ukimwita. Chakula kikimshinda hadi saa 48, hiyo si uchovu tena.

Hatua ya 4: Dawa ni ya daktari, si ya kabati lako

Dawa ya maumivu wanayopewa mbwa mara nyingi ni meloksikamu au kaprofeni. Mpe pamoja na chakula, kwa kipimo cha uzito wake, na umalize siku ulizoambiwa hata akionekana mzima. Akianza kutapika, kuharisha au kutoa kinyesi cheusi kama lami, acha dawa na upige simu: huenda tumbo linavuja damu. Kama anatumia dawa yoyote nyingine, hasa za jamii ya steroidi, daktari alipaswa kuambiwa. Hujachelewa kumwambia.

Vidonge vya binadamu hapana. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, parasetamoli huweza kuharibu ini na damu, na aspirini huongeza uvujaji wa damu kwa mnyama aliyetoka kupasuliwa. "Nusu tu" haibadilishi kitu, kwa sababu nusu ya kidonge cha mtu wa kilo 70 kinaingia mwilini mwa mnyama wa kilo 8.

Mshono nao usiupake chochote ambacho daktari hakukuagiza. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huchoma chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda. Mafuta na marashi hulainisha pale panapotakiwa pakauke, na zaidi ya hapo humwita mbwa alambe.

Hatua ya 5: Koni

Hapa ndipo mapenzi yetu yanapowaponza. Kuna imani kwamba mate ya mbwa ni dawa. Mdomo wa mbwa umejaa bakteria, na ulimi wake ni mkwaruzo: dakika chache za kulamba hulowesha mshono, huvuta nyuzi na kupandikiza vijidudu ndani. Meno ya mbele hufanya kazi hiyo upesi zaidi, kama nilivyojionea.

Koni ivaliwe usiku na mchana, siku 10 hadi 14, mpaka daktari aseme itoke. Ukingo wake upite ncha ya pua kwa sentimita chache. Ikiishia kwenye pua, mbwa mwenye shingo ndefu ataizunguka. Shingoni vidole viwili vipite, basi. Siku ya kwanza atajigonga kila mlango na kusimama katikati ya chumba kama aliyesusa. Usimhurumie. Wengi huizoea ndani ya siku mbili. Kama hawezi kula, inua bakuli au tumia sahani pana isiyo na kina, na ikibidi uivue, ivue wakati wa kula tu huku umeketi naye, mkono karibu. Usimvue ukaenda kuoga.

Lipo vazi linalofunika kiwiliwili chote, na mimi nalipenda kwa mbwa mtulivu, mradi liwe kavu na libadilishwe likichafuka. Lakini nguo haizuii meno ya mbwa aliyedhamiria, na ikilowa mkojo inageuka kitambaa kichafu kilichofungwa juu ya kidonda. Pete nene ya kujaza upepo shingoni huonekana ya starehe. Mbwa mwenye mdomo mrefu hulifikia tumbo lake juu ya pete hiyo bila shida. Jaribu mbele ya macho yako kabla hujaiamini.

Hatua ya 6: Tazama mshono mara mbili kwa siku

Asubuhi na jioni, mlaze ubavu au umsimamishe, tazama bila kugusa, na kila asubuhi piga picha kwa umbali ule ule na mwanga ule ule. Jicho husahau haraka jana palikuwaje, picha haisahau.

Wekundu mwembamba kandokando, uvimbe kidogo, na vitone vya majimaji ya waridi katika siku ya kwanza ni vya kawaida. Alama za zambarau kama za kupigwa nazo huja, hasa kwa mbwa wa ngozi nyeupe, na huenda zikaonekana mbaya zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Mwelekeo ndio wa kuangaliwa: kuanzia siku ya tatu kila kitu kipungue. Kikiongezeka, hata kidogo, kuna jambo.

Mambo yanayotaka daktari siku hiyo hiyo ni usaha au majimaji mazito ya njano au kijani, harufu, ngozi yenye joto la kuzidi sehemu nyingine, kingo zinazoachana, nyuzi zinazopungua, na damu isiyokoma kudondoka. Joto la mwili nalo linasema. Mbwa mzima huwa kati ya takriban nyuzijoto za Selsiasi 38 na 39.2, likipimwa kwenye njia ya haja kubwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta. Likipita 39.5, piga simu. Pua kavu au yenye joto si kipimo cha chochote.

Uvimbe laini chini ya mshono unaojitokeza siku ya tatu hadi ya tano mara nyingi ni majimaji yaliyojikusanya kwa sababu mbwa ametembea kupita kiasi. Kwa kawaida mwili huyanywa wenyewe. Usiyatoboe wala kuyakamua: unafungua mlango kwa vijidudu. Lakini uvimbe wa aina hiyo hiyo unaweza kuwa utumbo au mafuta ya ndani yaliyopenya ukutani, na kwa macho huwezi kutofautisha. Mpeleke atazamwe.

Nzi pia. Kidonda kibichi huwavuta, na mayai yao hugeuka funza ndani ya siku moja. Alazwe ndani, kwenye tandiko safi, siku zote hizo.

Hatua ya 7: Siku ya 4 hadi ya 10

Sasa ana njaa, ana nguvu, amechoshwa na chumba, na wewe umechoka kumlinda. Kila kinachoharibika huharibika sasa. Kuruka kochi mara moja kunakaza misuli ya tumbo kuliko matembezi ya siku nzima, kwa kuwa uzito wote wa matumbo hujipiga kwenye mshono anapotua. Ngazi, kukimbia, kuvutana kamba na kucheza na mbwa mwenzake viko kwenye kundi hilo hilo. Mgeni akibisha hodi, mfunge kamba kabla hujafungua mlango. Hilo peke yake limeokoa mishono mingi.

Matembezi yawe ya haja tu, dakika 5 au 10, kamba fupi, mara tatu au nne kwa siku. Nyasi ndefu zilizolowa uziepuke. Asioge, asiogelee, asipanguswe kwa kitambaa chenye maji tumboni. Akichafuka miguu, safisha miguu.

Nguvu zilizobaki zitoe kichwani, si miguuni. Mwagia chakula chake chote cha asubuhi ndani ya taulo lililoviringwa, akitafute kwa pua kwa robo saa. Mpe kitu kigumu cha kutafuna huku amelala. Mfundishe jambo la kufanywa kwa utulivu, kama kugusa kiganja chako kwa pua au kubaki palepale ukipiga hatua moja, mbili, tatu. Robo saa ya kunusa humchosha mbwa zaidi ya unavyodhani. Kwa wale wasiojua kutulia kabisa, daktari anazo dawa za kutuliza. Kumwomba si aibu, na ni bora kuliko kushonwa mara mbili.

Jike aliyepasuliwa akiwa kwenye joto, yaani akiwa katika siku za kutaka dume, bado huwavuta madume kwa siku kadhaa au hata wiki chache, na akipandwa anaweza kuchanika kwa ndani. Mtenge kabisa mpaka daktari aseme vinginevyo. Aliyepasuliwa wiki chache baada ya joto huenda akavimba chuchu, akatoa maziwa na kubeba kiatu kama mtoto. Ni mimba ya uongo, nayo kwa kawaida huisha. Usimkamue, kwa sababu kukamua huleta maziwa zaidi.

Mambo yasiyongoja asubuhi

Fizi zikipauka, tumbo likijaa, akihema haraka, akilegea au miguu ikawa baridi, hasa katika saa 48 za kwanza, inaweza kuwa damu inavuja ndani. Ondoka naye saa hiyo, piga simu ukiwa njiani.

Mshono ukifunguka ukaona nyama au utumbo, usirudishe kitu ndani. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya chumvi ya hospitali, au maji safi ya vuguvugu kama hayo hayapo, zungushia taulo kuzunguka kiwiliwili bila kukaza, mzuie asijilambe, nendeni. Mbwa waliofikishwa mapema mara nyingi huokolewa.

Damu kidogo ukeni siku chache za mwanzo inaweza kutokea. Ikiwa ni ya kudondoka, au imeanza upya baada ya wiki, ni ya daktari.

Siku ya 10 hadi ya 14, na baadaye

Nyuzi za nje zisizoyeyuka hutolewa katika kipindi hiki, na anayezitoa awe daktari, kwa sababu atapapasa ukuta wa tumbo kwa vidole vyake. Kama nyuzi zilifichwa chini ya ngozi hutaona cha kutoa, ila ukaguzi uko palepale. Subiri siku moja au mbili baada ya nyuzi kutoka ndipo umwogeshe. Matembezi yaongeze kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili kabla ya kumwachia kukimbia. Kijivimbe kigumu kama punje chini ya kovu, wiki chache baadaye, mara nyingi ni fundo la uzi linaloyeyuka. Likikua au likiwa jekundu, lionyeshe.

Kisha punguza chakula. Bila ovari mwili wa mbwa hutumia nguvu pungufu kuliko zamani, mara nyingi kwa takriban robo, na hamu ya kula huongezeka kwa wakati ule ule. Pima kwa kikombe, si kwa macho yake. Mpime uzito kila mwezi kwa nusu mwaka wa kwanza, na upapase mbavu: zihisike chini ya vidole bila kubonyeza.

Baadhi ya majike, hasa wa aina kubwa, huanza kuvujisha mkojo usingizini miezi au miaka baadaye. Tandiko lililolowa asubuhi si ukaidi, na dawa yake ipo. Na kama siku moja atavimba sehemu za siri, akatoa damu na madume wakaanza kupiga kambi nje ya geti, kumbuka kipande cha ovari huweza kubaki ndani. Mrudishe kwa daktari katika siku hizo hizo za joto, kwa maana ndipo kipande hicho ni rahisi kuthibitishwa kwa vipimo.